Liemba ya sentimita 71: kisa cha kuhama kutoka enameli kwenda akriliki

Modeli inayozungumziwa hapa ni MV Liemba, meli ya abiria ya Ziwa Tanganyika, kwa kipimo cha 1:100, iliyokuwa ikijengwa Mwanga, Kigoma, ili iwekwe mapokezi kwenye nyumba ya wageni. Meli yenyewe ina urefu wa mita 71 na kidogo, kwa hiyo modeli ni sentimita 71 kwa upana wa karibu sentimita 10. Mwili umechongwa kwa mninga na vinyweleo vyake kuzibwa kwa puti ya magari. Vyumba vya juu, chumba cha nahodha na bomba la moshi ni karatasi za plastiki ya polisitirini za milimita 1, na vitu vidogo ni za milimita 0.5. Useremala ulikuwa safi. Kilichokwamisha kazi ni rangi.

Vyumba vya juu vilipigwa enameli nyeupe mikono mitatu, kutoka kwenye vile vikopo vya mililita 14, kisha vikafungiwa kwenye katoni miezi 8 wakati mwili ukichongwa. Katoni ilipofunguliwa, weupe ulikuwa umegeuka rangi ya siagi. Hilo si uchafu wala moshi wa jikoni. Enameli hushikiliwa na utomvu wa alkidi, ambao una mafuta ndani yake, na mafuta hayo hukauka kwa kula oksijeni ya hewani. Yakiendelea kuila gizani hugeuka manjano. Ukiiweka dirishani siku kadhaa hurudi weupe kiasi, lakini ukiifungia tena itarudia ulevi wake. Kwa meli ambayo sehemu zake za juu zote ni nyeupe, kasoro hiyo peke yake inatosha kumfanya fundi aiache enameli.

Zilikuwepo sababu nyingine mbili. Chumba cha kazi kimepakana na cha kulala watoto, na harufu ya tapentaini haijui ukuta. Ya pili ni unene. Liemba ni meli ya ribiti (misumari yenye vichwa inayofunga mabati yake), iliyojengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 kwa jina la Graf von Götzen, ikafunguliwa vipande vipande, ikaletwa kwa reli hadi Kigoma na kuunganishwa upya kabla ya kushushwa ziwani mwaka 1915. Ribiti hizo ndizo sura yake. Kwenye modeli hii zimewekwa kwa vitone vya gundi vyenye upana wa robo milimita, na mkono mzito wa enameli huvimeza. Rangi yenye unene wa milimita 0.1 kwenye modeli ni sawa na kupaka meli halisi rangi nene ya sentimita nzima.

Basi ikaamuliwa kuhamia akriliki, rangi inayolainishwa kwa maji au pombe. Ndani ya miezi michache modeli ilikuwa imeharibika mara tatu, kila mara kwa namna yake. Ukizichambua, akriliki haina kosa hata mara moja. Mikono ndiyo iliyoendelea kufanya kazi ya enameli juu ya rangi nyingine.

Kwanza tuelewane majina

Hadiweya, "rangi ya mafuta" ni ile ya milango na madirisha, na "rangi ya maji" ni ya kuta. Enameli ya modeli ni ndugu wa ile ya milango: asili moja, ila imesagwa laini zaidi. Rangi ya maji ya ukutani, hata kama ndani yake mna akriliki, si mbadala wa akriliki ya modeli. Imejazwa chokaa na unga wa kuongeza wingi, na punje zake zinaonekana kwa macho kwenye kipimo cha 1:100. Anayetaka kubana matumizi na abane kwingine.

Akriliki za modeli nazo si kabila moja; hapa zinahusika za kampuni mbili, Tamiya na Vallejo. Tamiya ina pombe ndani yake na hulainishwa kwa kilainishi chake au kwa pombe ya aisopropili. Vallejo ni ya maji kwelikweli, na ukiitilia pombe nyingi hugeuka uji wa mabonge. Kwenye modeli hii zilitumika zote mbili: Tamiya kwa kupuliza, Vallejo kwa brashi ya mkono kwenye vitu vidogo. Mgawanyo huo ni mzuri. Tamiya kwa brashi ya mkono ni mateso, kwa sababu mkono wa pili huyeyusha wa kwanza na kuukokota.

Ajali ya kwanza: herufi A

Chupa mpya ya XF-2, nyeupe isiyong'aa, ilichanganywa nusu kwa nusu na kilainishi cha kampuni hiyohiyo. Ndani ya nusu dakika rangi ilikatika kama maziwa yaliyolala, mabonge yakajaa kwenye kikombe cha brashi ya hewa (kipulizio cha rangi) na sindano yake ikanasa.

Kilainishi kilikuwa X-20. Cha akriliki ni X-20A. Chupa zinafanana na jina ni lile lile, tofauti ni herufi moja, ila X-20 ni ya enameli na asili yake ni mafuta ya petroli. Mafuta hayo hayachanganyiki na maji wala pombe iliyomo kwenye akriliki, hivyo utomvu hukimbiliana na kuganda. Tapentaini na mafuta ya taa hufanya vilevile. Fundi aliyezoea miaka yote kwamba "kilainishi ni kilainishi" ataangukia hapa siku ya kwanza.

Likitokea, usimwage maji kwenye brashi. Maji yatakazia mabonge. Mwaga rangi, futa kikombe kwa kitambaa, pitisha tina (kilainishi kikali cha rangi za magari) kidogo, chomoa sindano kwa kuivuta nyuma, safisha ncha kwa kijiti cha meno, pitisha tina tena, kisha malizia kwa spiriti. Ringi za mpira zisilale kwenye tina, zitavimba. Na tina isikaribie plastiki ya modeli, kwa maana polisitirini huyeyuka humo kama sukari kwenye chai.

Kuhusu spiriti ya famasia inayotumiwa badala ya kilainishi cha kampuni: inafaa kwa Tamiya, lakini si kila spiriti. Baadhi zimetiwa mafuta ya nyonyo ili zisikaushe ngozi. Dondosha tone moja kwenye kioo safi, acha likauke. Likiacha duara lenye utelezi, hiyo ni ya vidonda na si ya rangi. Sanitaiza ya kunata usiiguse kabisa.

Ajali ya pili: juu inabanduka, chini inapasuka

Hii ndiyo iliyokula muda, na ndiyo yenye mafunzo mengi, kwa sababu ilitokea sehemu mbili za modeli moja kwa sababu mbili zinazopingana.

Kilainishi sahihi kilipopatikana, nyeupe mpya ilipulizwa juu ya enameli ya manjano ya vyumba vya juu. Ilikauka ndani ya dakika 20, ikapendeza. Kesho yake ikabandikwa tepu ya karatasi ili madirisha yapigwe nyeusi. Tepu ilipovutwa, nyeupe ikaja nayo, vipande virefu kama ganda la ndizi, na manjano ikabaki chini imeng'aa bila hata mkwaruzo.

Siku hizohizo mwili chini ya mstari wa maji ulipakwa akriliki ya XF-9, nyekundu ya kutu. Chini yake kulikuwa na mkono wa rangi ya mafuta ya hadiweya uliopigwa siku 5 kabla, msimu wa mvua. Hapo hakuna kilichobanduka. Baada ya siku mbili uso mzima ulikuwa na nyufa ndogondogo, kama tope la bwawa wakati wa kiangazi.

Maelezo ya haraka ni kwamba "akriliki haikamati juu ya enameli." Si kweli. Inakamata vizuri, kwa masharti mawili, na kila upande wa modeli ulivunja sharti moja.

Vyumba vya juu vilikuwa vimekauka kabisa. Miezi 8 inatosha na kuzidi. Tatizo lilikuwa uso. Enameli ya zamani yenye kung'aa ni kama kioo, na akriliki hushika kwa kung'ang'ania mikwaruzo. Hailainishi rangi ya chini ili ishikamane nayo, kama ifanyavyo rangi ya tina. Zaidi ya hapo, vumbi la katoni lilifutwa kwa kitambaa chenye mafuta ya taa. Kwa enameli ni tabia isiyo na madhara, maana mafuta ya taa yanaelewana na rangi ijayo. Kwa akriliki ni sawa na kupaka rangi juu ya sinia la chapati. Wajerumani walipoizamisha meli hii mwaka 1916 walipaka injini grisi nzito, nazo zikaja kufanya kazi tena baada ya meli kuibuliwa mwaka 1924 na kurudi safarini 1927. Mafuta ni ulinzi mzuri kwa chuma kilicho chini ya maji. Chini ya akriliki ni kinyume.

Mwili ulikuwa na uso mzuri, umepigwa msasa na kuoshwa, ila chini haikuwa imekauka. Hapa ndipo wengi huchanganya mambo mawili: kukauka kwa kugusa na kukomaa. Enameli hupoteza kilainishi chake ndani ya saa 6 hivi na kidole hakinati tena, lakini kazi ya kula oksijeni huendelea siku nyingi baada ya hapo, na rangi nzito ya milango, kwenye unyevu wa masika, huhitaji wiki. Wakati wote huo inajikunja na kusogea. Akriliki iliyo juu imeshakuwa ngumu ndani ya saa. Tabaka gumu juu ya tabaka linalotembea lazima lipasuke. Akriliki kavu ikikaa chini na enameli ikaja juu, tatizo hilo halipo.

Namna ya kujua kama enameli imekomaa ni rahisi kuliko kuhesabu siku kwenye kalenda. Nusa kwa karibu sana, pua ikikaribia kugusa: ikiwa bado inanuka tapentaini, bado. Kisha bonyeza kucha sehemu isiyoonekana: ikiacha alama, bado. Zikipita zote mbili, bandika tepu sentimita 2, sugua kwa kucha, vuta kwa pembe ya kurudi nyuma. Jaribio la tepu lifanywe hata pale unapoona ni kupoteza muda. Hakuna sababu ya kujua matokeo kwenye madirisha 40 wakati ungeyajua chini ya mwili.

Ukarabati ulikwenda hivi. Akriliki iliyopasuka mwilini iliondolewa kwa vitambaa vilivyoloweshwa spiriti, kila kitambaa kikilazwa dakika 3 hadi 5 kisha kufutwa. Pombe huiyeyusha Tamiya hata ikiwa imekauka, na rangi ya mafuta iliyo chini hubaki, ila hulegea kidogo usipowahi kufuta. Mwili ukaachwa wiki 3 kwenye kivuli chenye upepo. Halafu msasa wa maji namba 600, ukafuata wa 1000, mpaka mng'ao wote ukafa. Vyumba vya juu vilipigwa wa 1000 peke yake, na kuzunguka ribiti kipande cha sponji ya kusugulia sufuria, ile pande ya kijani, kwa wepesi. Vyote vikaoshwa kwa maji ya uvuguvugu na tone la sabuni ya vyombo, vikasuuzwa, vikakauka usiku mzima, na tangu hapo havikushikwa kwa mkono mtupu. Jasho la vidole nalo ni mafuta.

Praima, yaani rangi ya chini ya kushikilia zinazofuata, ilikuwa akriliki ya kijivu, mikono miwili myembamba. Kulikuwa na shauri la kutumia praima ya kopo la kupuliza ya magari kwa kuwa inapatikana mjini. Lisingefaa. Praima hizo zina tina kali, na tina juu ya enameli huikunja kama ngozi ya maziwa ya moto. Juu ya plastiki tupu inawezekana, kwa umbali na kwa wepesi. Juu ya enameli, hapana.

Ajali ya tatu: mchanga wa kiangazi

Praima na nyeupe ziliangukia Julai. Kigoma wakati huo hewa ni kavu na upepo unavuma kutoka huku na kule kati ya vilima na ziwa. Uso ulitoka na ukakasi kama msasa, na kila baada ya dakika mbili tatu ncha ya brashi ilijenga kijidonge cha rangi kikavu ambacho kilitemwa juu ya kazi.

Kilichokuwa kikitokea ni kwamba matone yalikauka hewani kabla ya kufika. Mkono uliozoea enameli hupuliza kutoka sentimita 12 hadi 15 kwa presha kubwa, kwa kuwa enameli ina subira na itajilaza yenyewe ikishatua. Akriliki haina subira hiyo. Vilibadilishwa vitu vinne kwa pamoja: umbali ukashuka hadi sentimita 5 hadi 7, presha ikashuka kutoka 30 hadi kati ya 15 na 18 PSI (kipimo cha presha ya hewa), kwa ncha ya milimita 0.3, mchanganyiko ukawa rangi sehemu 2 kwa kilainishi sehemu 3, ukipimwa kwa bomba la sindano na si kwa jicho, na kazi ikahamishiwa asubuhi kabla ya saa 3. Vallejo ya mkono iliongezwa glisirini ya famasia, tone moja kwa mililita 5 za rangi iliyokwisha kulainishwa. Tone moja kweli. Ukizidisha, rangi itanata wiki nzima na vumbi la barabara litakaa humo milele.

Ncha ifutwe kwa kijiti cha pamba chenye spiriti kila baada ya dakika 5 hata kama inaonekana safi. Na brashi isafishwe palepale kazi inapoishia, kabla ya chai. Enameli ingekusubiri.

Jambo moja la masika kwa atakayeanza msimu huo: kompresa, hasa hizi zinazoundwa kwa mota ya friji, hukusanya maji kwenye bomba la hewa, na tone moja la maji kwenye nyeupe mbichi huacha shimo. Weka kichujio cha maji karibu na mkono na si karibu na kompresa tu, na ufungue tangi litoe maji kila siku ya kazi. Mota ya friji pia hutema mafuta kidogo, na tumeshaona mafuta yanavyoifanyia akriliki.

Kuhusu maji ya kulainishia Vallejo: ya bomba na ya ziwani yana madini, Ziwa Tanganyika hasa, na kwenye ncha ya milimita 0.3 madini hayo si rafiki. Tumia maji yaliyotoneshwa. Ukinunua yanayouzwa kwa jina la "maji ya betri", soma chupa mara mbili kwamba ni maji na si asidi.

Mpangilio uliofanikiwa

Praima ya kijivu mikono miwili, ikaachwa siku moja. Nyeupe mikono minne, wa kwanza ukiwa ukungu tu ambao hauifuniki kijivu, na dakika 15 hadi 20 kati ya mkono na mkono. Anayetaka nyeupe ifunike kwa mkono wa kwanza atapata michirizi, kwani rangi nyeupe ni dhaifu kwa asili. Saa 24 kabla ya tepu yoyote, na tepu ikabandikwa kwanza kwenye suruali mara mbili ili kupunguza unato wake. Ukingo wa tepu ukapulizwa nyeupe ileile kwanza ili iliyopenya iwe nyeupe, halafu nyeusi. Tepu ikavutwa dakika 10 baadaye, kabla nyeusi haijawa ngumu. Mwilini XF-9 mikono mitatu, sitaha XF-57, hudhurungi hafifu, mikono miwili.

Nyeupe ilikula chupa moja ya mililita 23, pamoja na iliyopotea hewani. Nyekundu ilikula mililita 12 hivi, kwa hiyo chupa moja ndogo ya mililita 10 haitoshi na ya pili ifunguliwe mapema, zichanganywe kabla ya kuanza.

Vallejo ya mkono, kwa mashua za uokoaji, vyuma vya kamba na matundu ya hewa, ilipigwa kwa brashi ya nyuzi za plastiki, mikono mitatu myembamba. Kosa la mkono wa enameli hapa ni kurudi nyuma kusawazisha. Enameli hukubali urudi. Akriliki baada ya sekunde 20 imeshaota ngozi, na brashi ikirudi huichana. Piga, ondoka, subiri.

Barakoa ya vitambaa haizuii ukungu wa rangi. Akriliki kutonuka sana si kibali cha kuivuta. Plastiki iliyosagwa ikiingia mapafuni haitoki kwa sababu ilikuwa ya maji. Dirisha wazi, feni ikitoa nje, na barakoa yenye vichujio.

Enameli haikutupwa

Wanaohama hupenda kuhama na kuchoma nyumba. Hapa isingekuwa busara. Kutu inayotiririka chini ya matundu ya nanga, uchafu kwenye mistari ya ribiti, moshi kwenye bomba: kazi hizi enameli na rangi za mafuta za wachoraji huzifanya vizuri kuliko akriliki, kwa sababu ileile iliyotusumbua mwanzo. Zinachelewa. Unapaka, unakwenda kunywa maji, unarudi na brashi yenye kilainishi na unavuta kutu chini mpaka iishe.

Juu ya akriliki iliyokomaa saa 48 ilipulizwa X-22, vanishi isiyo na rangi yenye kung'aa, mkono mmoja mlowevu, ikaachwa siku mbili nyingine. Kisha kahawia ya mafuta, sehemu 1 kwa sehemu 10 za kilainishi cha X-20, kile cha ajali ya kwanza, kikapata kazi yake. Kinapita juu ya akriliki bila kuigusa. Mafuta ya taa yangefanya kazi pia lakini huacha utelezi usiokauka vizuri, na mkono wa mwisho wa kuondoa mng'ao ungekataa kushika.

Mwenye nyumba ya wageni alitaka meli nyeupe pee, isiyo na kutu. Ni haki yake, analipa yeye, ingawa chombo kilichoanza kuogelea 1915 kikikosa kutu hata kwenye nanga huonekana kama keki. Yalikubaliwa michirizi miwili, mmoja kila upande, usiozidi sentimita 1.5.

Sehemu moja tu ilileta shida mpaka mwisho, nyuma ya bomba la moshi ambako msasa haukufika vizuri, na tepu iling'oa kipande cha milimita 3. Kilizibwa kwa Vallejo kwa ncha ya kijiti cha meno, mikono mitatu. Vikopo vya enameli vilivyobaki vilichambuliwa: nyeupe zote na kijivu zikagawiwa kwa mpiga rangi wa mabango, na kahawia, nyeusi, kutu na fedha zikabaki, zimegeuzwa kifudifudi ili ngozi ikiota iote upande wa chini.